Miaka Yangu na Godoro la Jemu

Wiki niliyostaafu, Nkatha, ambaye sasa ndiye anayeshika funguo za bekari yetu ya Nkubu, aliniambia kwamba kila mfanyakazi mpya humuuliza swali lile lile: godoro la jemu lilitoka wapi? Wengine wanadhani tuliliona kwenye simu tukaiga. Ameniomba niandike. Na kwa kuwa siku hizi asubuhi zangu hazina kazi ila kugombana na kuku wanaoingia kwenye sukuma wiki, nimekubali. Sitaandika habari za vyeo wala mishahara. Vyeo vyetu vilikuwa viwili, anayekanda na anayeamrisha, na mshahara kila mtu anaujua wake. Nitaandika habari za unga, na za Fundi Njeru.

Kwa ambaye hajawahi kulila, godoro ni kitu kilicho kati ya biskuti na keki. Chini kuna tabaka la unga uliochanganywa na majarini, sukari na yai. Katikati kuna jemu nzito ya mapera. Juu kuna unga tena. Huokwa kwenye trei nzima kisha hukatwa vipande virefu vya kushika mkononi. Ukikitazama kipande kwa ubavu unaona mstari mwekundu katikati, kama godoro lililochanika. Jina hilo si langu. Ni la watoto wa Muthara, ambako nilizaliwa.

Pale Muthara aliyekuwa akioka ni mke wa mwalimu mkuu wetu, ambaye pia alitufundisha shule ya Jumapili. Hakuwa na oveni. Aliweka mchanga kwenye sufuria kubwa, akaweka bati la kuokea juu ya mchanga, akafunika, akapanga makaa juu ya kifuniko. Mtoto aliyekariri mstari wake wa Biblia bila kukosea alipewa kipande cha katikati. Kichwa changu hakikushika mistari. Nilikuwa nikifika nusu naanza kutunga yangu. Kwa hiyo nilipewa vile vya pembeni, ambapo jemu imemwagika ikaungua kidogo na kugandamana na bati, mpaka inavutika kwenye meno.

“Kananu,” alikuwa akiniambia, “hiyo si zawadi, ni makombo.”

Sikumwambia kwamba makombo ndiyo yaliyokuwa matamu zaidi. Niliogopa angenilazimisha kukariri. Nikiwa darasa la sita mumewe alihamishwa, wakaondoka, na hakuna mtu Muthara aliyekuwa amemuuliza anavyofanya.

Nilifika Nkubu nikiwa na miaka kumi na tisa, nikakaa kwa tata yangu, dada ya mama, ambaye alikuwa akiuza nyanya sokoni na alijuana na Mama Kendi, mwenye bekari. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kanisani. Mama Kendi alinipeleka nyuma, akaniacha mbele ya mwanamume mwembamba mwenye unga hadi kwenye nyusi. Huyo ndiye alikuwa Fundi Njeru, Mwembu wa Kibugu, wa miaka thelathini hivi wakati huo, ingawa mimi nilimwona mzee.

“Wewe ndio msichana wa Muthara?”

“Ndio.”

“Onyesha mikono.”

Nikaonyesha. Akaitazama pande zote mbili, akasema, “Iko moto sana. Utaharibu majarini. Osha trei kwanza.”

Trei zilikuwa nyeusi tititi. Kwetu chombo cheusi ni aibu ya mwenye nyumba. Nilichukua steelwuli na majivu, nikazisugua kutoka asubuhi hadi mchana, zote ishirini na nne, mpaka mtu angeweza kujitazama ndani yake. Nilizipanga juani nikasimama kando nikingoja kusifiwa. Fundi alitoka, akazitazama, akaketi polepole kwenye gunia la unga.

“Nimemaliza,” nikasema.

“Naona. Umeosha miaka sita.”

Sikujua kwamba ule weusi ni mafuta yaliyoungua tabaka juu ya tabaka, na kwamba ndio unaofanya mkate uteleze utoke. Kesho yake kila mkate uling'ang'ania trei, tukauza mikate iliyovunjika nusu. Hakunipigia kelele. Alinipa kitambaa na mkebe wa mafuta, na kwa wiki nzima kazi yangu ikawa kupaka trei, kuziingiza motoni, kuzitoa, kupaka tena. Hadi leo nikiona mtu mpya anachukua steelwuli, moyo wangu hushtuka. Nyinyi mnaobaki, zifuteni tu zikiwa bado na joto.

Kiembu chake na Kimeru changu cha Tigania vinasikilizana nusu. Nusu nyingine tuliijaza kwa Kiswahili, na mahali Kiswahili kilipotushinda tulitumia mikono. Labda ndiyo sababu alinifundisha zaidi kwa kugusa. Oveni ya siku hizo ilikuwa ya matofali, ya kuni, na haikuwa na saa wala kipimo. Alinifundisha kuingiza mkono na kuhesabu. Ukifika sita na bado unavumilia, ngoja. Ukitoa mkono kwenye tatu, fungua mlango, oveni ipumue. Alinifundisha kugonga mkate chini kwa kidole na kusikiliza, kwa sababu ulioiva hulia kama debe tupu na ambao haujaiva hunyamaza. Na alinifundisha jambo ambalo nimewarudia nyinyi hadi mkachoka: kabla trei haijaingia motoni, mwenye zamu anabana kipande cha unga anakionja. Kila mara, hata kama umechanganya unga huo huo miaka kumi.

“Macho yanadanganywa,” alikuwa akisema. “Ulimi unakubali pole pole.”

Mwaka wangu wa tatu nilimwambia kuhusu godoro. Tulikuwa tumekaa nje tukinywa chai, nikamwelezea mke wa mwalimu, mchanga, makaa na mstari mwekundu. Alisikiliza hadi mwisho. Kesho yake akaja na swali.

“Hiyo jemu haikukimbia?”

“Pembeni ilikimbia kidogo.”

“Basi ilikuwa nzito. Jaribu. Lakini tumia trei moja.”

Nilijaribu kwa miezi. Trei ya kwanza jemu ilichemka ikapanda juu, ikamwagika sakafuni mwa oveni, na moshi ukajaa dukani hadi wateja wakatoka mbio. Ya pili ilikuwa nzuri juu na mbichi chini. Ya tatu niliacha hadi chini ikaiva, na juu ikawa ya kuezekea nyumba. Fundi alikuwa akila kila moja mpaka mwisho, kisha anasema neno moja. “Maji.” Au, “Haraka.” Mimi naenda nyumbani nikifikiria hilo neno kama mtu aliyepewa fumbo na daktari.

Tulikuja kuelewa pamoja. Jemu ya dukani ni nyepesi mno, kwa hiyo tulianza kupika yetu, kwa mapera yaliyoiva hadi yakanukia, tukiyachuja mbegu na kuyachemsha mpaka ukipitisha mwiko chini ya sufuria njia inabaki wazi, haijifungi. Tabaka la chini linaokwa kwanza peke yake, nusu kuiva, ndipo jemu ipakwe. Na lile la juu, ambalo lilinishinda kulisukuma bila kupasuka, Fundi ndiye aliyelitatua. Aliufunga unga kwenye karatasi, akauacha mahali pa baridi hadi ukawa mgumu, akachukua greta ya karoti akaukwaruza juu ya jemu kama mtu anayenyunyiza mvua. Ulipotoka motoni ulikuwa na matuta madogo ya rangi ya asali, na jemu imechungulia hapa na pale.

Tulikata trei hiyo ikiwa vuguvugu, si moto wala baridi, kwa kisu kilichochovywa maji ya moto. Nilichukua kipande cha pembeni. Nilipokiuma nilikuwa tena na miaka minane, nimesimama nje ya darasa la shule ya Jumapili bila mstari kichwani. Nililia kidogo. Fundi alijifanya anatafuta kitu chini ya meza hadi nikamaliza.

“Sasa hiyo ndio yenyewe?” akauliza.

“Ndio yenyewe.”

“Basi andika, kabla hujasahau kama ile mistari yako.”

Mama Kendi alitaka tuziite kwa jina la kizungu. Wateja hawakungoja. Nilikuwa nimemwambia muuguzi mmoja wa hospitalini jina la watoto wa Muthara, na kufikia Ijumaa watu walikuwa wanasimama dirishani wakisema, “Nipe godoro mbili.” Msimu wa mapera ulipoisha, Fundi alikuwa akishuka kutoka Kibugu Jumatatu na ndoo ya plamu za shambani kwake, akanituma nijaribu. Za plamu ni kali zaidi, na kuna watu hadi leo huniambia hizo ndizo halisi. Sibishani nao. Kibugu na Muthara zote ziko ndani ya trei ile.

Miaka ilikwenda. Oveni ya kuni ikabomolewa, ikaletwa ya gesi yenye mshale wa joto ambao tangu siku ya kwanza ulidanganya. Niliolewa, nikapata Mwenda na dada yake, nikawa Mama Mwenda kwa kila mtu isipokuwa Fundi, ambaye aliendelea kuniita Kananu. Nkatha akaja akiwa msichana, mikono baridi kama samaki, na Fundi akaniambia kwa wivu mdogo, “Huyo ndio tungepata kwanza.”

Halafu ukaja ule mwaka wa barakoa. Fundi aliugua, akakaa Kibugu wiki tano. Aliporudi alikuwa amekonda lakini mikono yake ilikuwa ile ile. Tulifurahi sana hata hakuna aliyemtazama vizuri.

Mimi nilianza kugundua kwa sababu ya majarini. Katoni moja ilikuwa imekaa karibu na oveni, ikaharibika. Nilipofungua mlango wa stoo harufu ilinipiga kama kofi. Fundi alikuwa ndani, ameinama juu ya katoni hiyo hiyo, anakata vipande anavitia kwenye beseni la unga wa godoro. Alibana kipande, akakionja, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

“Iko sawa,” akasema.

Nilisimama pale. Niliona shingo yake, jinsi ilivyokuwa nyembamba kwenye kola, na nikaelewa. Mtu aliyekuwa akijua kwa pua mkate wa jirani umebakisha dakika ngapi, sasa hakuwa anasikia harufu yoyote. Nilipaswa kusema. Badala yake nikasema, “Fundi, naona kama panya ameingia kwa hii katoni. Wacha nitupe.”

Alinitazama. “Panya?”

“Ndio.”

“Basi tupa.”

Tukaanza hivyo. Kwa miezi saba nilikuwa nikipita nyuma yake nikionja kila beseni. Kama chumvi ilizidi, nilisema mizani inasumbua. Kama maziwa yalichacha, nilisema nimeyamwaga kwa bahati mbaya. Mtu angedhani nimepata ugonjwa wa kuangusha vitu. Yeye alijua kwamba najua. Nami nilijua kwamba anajua. Lakini alikuwa amenishika mkono miaka zaidi ya thelathini, na sikujua ni kwa maneno gani mtu humwambia fundi wake kwamba ulimi wake umekufa. Tulidanganyana kwa heshima. Niliita hiyo upendo, na sehemu yake ilikuwa upendo. Sehemu nyingine ilikuwa woga.

Kisha mama mkwe wangu akafariki, nikaenda Tigania kwa mazishi siku nne. Katika siku hizo kulikuwa na oda ya harusi: trei kumi na mbili za godoro. Nkatha alikuwa amejaza mkebe wa beking pauda kutoka kwenye mfuko mpya ulioletwa, na mfuko ulikuwa wa magadi. Yote mawili ni meupe. Fundi alichanganya, akabana kipande, akaonja, akatikisa kichwa, akaingiza trei motoni. Zilitoka na rangi nzuri kuliko siku zote, kwa sababu magadi hukoleza rangi. Kila mtu alizisifu zikipakiwa.

Jumatatu asubuhi niliporudi kazini, baba ya bibi harusi alikuwa amesimama dukani na trei tatu zilizobaki. Alikuwa mzee mtulivu, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. Aliweka kipande mbele ya Mama Kendi.

“Onja.”

Mama Kendi akaonja, akafunika mdomo.

“Ni kama sabuni,” mzee akasema. “Watu wa upande wa mume walitema mbele ya wachungaji. Wakauliza kama tumewawekea dawa. Msichana wangu alilia siku yake ya harusi. Sikutaka kurudishiwa chochote. Nilitaka tu na wewe uonje.”

Akavaa kofia yake, akaondoka.

Mama Kendi hakuwa mtu wa kufoka, lakini siku hiyo alifoka. Alituita wote nyuma, akashika mkebe, akauliza nani aliujaza. Nkatha akainua mkono.

“Toa aproni,” Mama Kendi akamwambia. “Chukua vitu vyako uende.”

Nkatha alianza kufungua fundo la aproni. Wakati huo alikuwa na mtoto mchanga, na mume aliyekuwa hana kazi. Nilimtazama Fundi. Alikuwa anaangalia sakafu. Nikamsogelea nikamwambia polepole, kwa Kiswahili chetu cha nusu nusu, “Fundi, tuseme.”

“Ngoja kidogo,” akasema. “Nitaongea na yeye mchana, tukiwa wawili.”

“Mchana Nkatha atakuwa ameenda.”

“Kananu, nakuomba.”

Hakuwa amewahi kuniomba kitu maishani. Na mimi sikuwa nimewahi kumkatalia. Nikasema kwa sauti, “Mama Kendi, mkebe ni kosa la Nkatha. Lakini unga unaonjwa kabla ya kuingia motoni, na Fundi hasikii ladha. Hajasikia tangu augue. Mimi nimejua miezi saba, nimekuwa nikionja nyuma yake bila kukuambia. Kama ni aproni, zitatoka tatu.”

Mama Kendi alimgeukia Fundi. “Ni kweli, Baba Wawira?”

“Ni kweli.”

“Hata hii huisikii?” Akampelekea kipande kile. Fundi akakiuma, akatafuna, akameza, mbele yetu sote, uso wake haukubadilika hata kidogo. Hapo ndipo Mama Kendi alipokaa chini kwenye gunia akaanza kulia. Na Fundi akavua aproni yake mwenyewe, akaikunja mara nne kama alivyotufundisha kukunja vitambaa, akaiweka juu ya meza, akatoka kwa mlango wa nyuma. Nkatha alibaki. Mimi pia nilibaki.

Mchana huo Mama Kendi na mimi tulioka trei mbili mpya, tukazibeba hadi nyumbani kwa yule mzee kuomba msamaha. Mzee alitusikiliza, akatushika mkono. Mke wake alikula vipande vinne akiwa amesimama, bado amekasirika.

Fundi hakupokea simu zangu kwa miezi miwili. Mimi ndiye niliyekuwa naamrisha sasa, na sikukipenda cheo hicho hata siku moja. Mikate ilikuwa na ladha nzuri na sura mbaya. Sikujua kumfundisha mtu kukunja unga kama yeye alivyonifundisha. Mikono yangu ilijua lakini mdomo wangu haukujua. Siku moja nikamwambia Mama Kendi amrudishe.

“Mtu asiyesikia harufu atafanya nini kwa bekari?” akauliza.

“Atafundisha mikono. Ladha tunayo sisi, Mama Kendi. Mikono ile hakuna mwingine anayo.”

Alipangusa kaunta iliyokuwa tayari safi. “Nenda umwambie wewe,” akasema mwishowe. “Mimi sina uso.”

Nilifika Kibugu ukungu ukiwa bado juu ya majani ya chai. Mke wake, Mama Wawira, alinikumbatia mlangoni akaninong'oneza, “Ameacha hata kukaa jikoni. Anasema jikoni yangu imekuwa kama ya watu wengine.” Fundi alikuja kutoka shambani na kikapu mgongoni. Aliponiona hakushangaa. Alimwaga majani kwenye gunia, akanawa mikono kwa muda mrefu kuliko kawaida, akaketi.

“Umekuja kuomba msamaha?” akauliza.

“Kwa kunyamaza, ndio. Kwa kusema, hapana.”

Mama Wawira akashusha kikombe. Nilidhani Fundi atanifukuza. Lakini alicheka kidogo.

“Vizuri. Kwa sababu hiyo ya kusema ilikuwa yangu, na wewe ulinibebea. Kila Jumatatu nilikuwa natoka hapa nikiapa, leo nitamwambia Mama Kendi. Nikifika, naona umeonja, naona siku imepita.” Akatazama nje. “Kananu, mvua ikianza hapa udongo ulikuwa unanukia. Sasa ni maji tu yanaanguka.”

Nikamwambia habari za mikate yetu na sura zake. Nilikuwa nimebeba mmoja kwenye mfuko, nikautoa. Aliugeuza mkononi, akatazama mkunjo wake wa chini, na uso wake ukachanganya huzuni na kero, kama mwalimu aliyerudishiwa karatasi ya mtihani.

“Nani alikunja hii?”

“Mimi.”

“Kweli mnahitaji msaada.”

Alirudi akawa anakuja siku mbili kwa wiki. Asubuhi ya kwanza alisimama mbele ya wafanyakazi wote, wale wa zamani na wawili wapya, akasema waziwazi: “Mimi sisikii harufu wala ladha. Nitawaonyesha mikono. Nyinyi mtaniambia ulimi. Mtu akiniambia kitu ni kizuri na si kizuri, siku hiyo mimi narudi Kibugu na sitashuka tena.” Kisha akaomba unga. Tangu hapo, kila beseni lilipokuwa tayari, alisema jina la mtu mmoja, na huyo mtu akaonja akasema ukweli mbele ya wote. Mwanzoni walikuwa wanaona haya. Baadaye walizoea hata wakawa wakali kupita kiasi. Nkatha alifikia kuikataa chai ya Mama Kendi.

Siku yangu ya mwisho, mwezi uliopita, walinifanyia sherehe ndogo dukani, mchana. Viti vilipangwa, Mama Kendi alivaa kilemba chake kizuri, na alikuwa na karatasi ya hotuba mkononi. Nkatha alikuwa ameoka godoro peke yake, trei nne, hakuniruhusu hata kuingia nyuma. Fundi alishuka kutoka Kibugu akiwa na koti, na kwa heshima yake akapewa kipande cha kwanza. Mimi nikapewa cha pili.

Yeye alikula polepole, watu wote wakimtazama. Kisha akanigeukia.

“Kananu. Hizi ziko aje?”

Jemu ilikuwa nzuri kuliko niliyowahi kupika mimi. Juu palikuwa na rangi ya asali. Lakini chini, pale katikati, unga ulikuwa bado mbichi, umegandamana kwenye meno. Nilimwona Nkatha, mikono imeshika aproni, macho yanang'aa. Ilikuwa sherehe yangu. Hakuna mtu angenilaumu.

“Jemu ni nzuri kuliko yangu,” nikasema. “Chini hazijaiva.”

Nkatha alinitazama, akabana kipande kutoka kwenye trei akakila, akatafuna huku amekunja uso.

“Hazijaiva,” akasema. “Nilikuwa na haraka, Mama Mwenda. Nisamehe.” Akachukua trei ya kwanza, wengine wakachukua zile tatu, wakarudi nyuma, na tukasikia mlango wa oveni ukifunguliwa.

Mama Kendi alikunjua karatasi yake, akauliza kama sasa anaweza kuanza.

“Bado,” Fundi akamwambia, akivuta kiti chake karibu na changu. “Zikiiva.”

Tukangoja.